Usiku wa Lushoto Uingie Ndani

Ukitoka Mombo mwezi wa Februari saa kumi jioni, shati limegandia mgongoni na vioo vyote vya basi vimeteremshwa, utawajua wenyeji wa mlimani kwa kitu kimoja: sweta wamelishika mkononi. Barabara inaanza kujikunja, kona baada ya kona, na hadi mnapita Soni wameshalivaa. Ni kilomita thelathini na kidogo tu mpaka Lushoto mjini, lakini mmepanda karibu mita 1,000, na kupanda kiasi hicho huondoa nyuzi sita za joto hivi. Giza likiingia, hewa baridi inateremka kutoka msitu wa Magamba na kujaza mabonde.

Safari moja ya namna hiyo nilifikia kwa jamaa zangu waliokuwa wamehamia nyumba mpya. Nyumba nzuri: bati la msauzi, dari ya jipsam iliyochorwa, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni. Saa tatu usiku nikiwa uwanjani nilijifunika mtandio wa shangazi kwa baridi. Nilipoingia sebuleni nikauvua. Watoto walikuwa wamelala juu ya shuka badala ya chini yake, na mwenye nyumba akaniuliza kama ninajua kiyoyozi kinauzwa kiasi gani Tanga. Swali lile liliniuma, kwa sababu ukuta mmoja tu ulikuwa umetutenga na hewa ambayo hakuna kiyoyozi kingeweza kuishinda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu wanaojenga Lushoto, Mlalo, Bumbuli na kwingineko milimani jambo hilihili. Baridi ya usiku ni mali yenu. Iingizeni ndani saa yake, mwifungie ndani saa yake. Iko feni inayoifanya kazi hiyo vizuri sana, nami nitaieleza kwa kirefu, lakini kwanza tuelewe joto lile la sebuleni lilitoka wapi.

Jua la mchana hupiga bati, na bati huchoma hewa ya darini mpaka usingeweza kukaa humo dakika kumi. Dari inapokea joto hilo na kulishusha chini kama mkaa unaobanika nyama kwa juu. Kuta za tofali au bloku nazo hunywa joto tangu asubuhi, na kwa kuwa ni nzito, hulitunza. Jioni bati linapoa upesi, ila ukuta unaendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Zamani joto hilo lilikuwa na pa kutokea. Msonge wa Msambaa uliezekwa kwa majani, na majani hupumua. Moshi wa mafiga ulipita humo na joto likapita nao. Nyumba za leo upenu wake umezibwa kwa mbao ili popo na panya wasiingie, dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, na hiyo nusu hufungwa magharibi kwa ajili ya mbu na wezi. Nyumba inalala na jua la jana.

Kabla ya kununua chochote, nunua vipimajoto viwili vya ukutani, vile vya bei ndogo. Kimoja kitundike sebuleni, mbali na jiko na televisheni. Cha pili kitundike nje chini ya upenu, upande usiopigwa na jua. Visome saa nane mchana, saa moja jioni, saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, uandike kwenye daftari kwa wiki moja ya Januari au Februari, wakati wa kaskazi. Ukiona saa nne usiku nje kumepoa kuliko ndani kwa nyuzi tano au zaidi, una akiba ya kutosha. Sehemu nyingi za Lushoto utaiona tofauti hiyo, na alfajiri itakuwa kubwa zaidi.

Wiki ya pili jaribu kwa mikono. Pale tu kipimajoto cha nje kinaposoma chini ya cha ndani, fungua madirisha ya pande mbili za nyumba zinazotazamana, na milango ya vyumba yote. Nyumba iliyo kwenye mteremko ifungue zaidi upande wa juu wa kilima, maana hewa ya usiku hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Usiku kucha acha wazi yale yenye grili na wavu. Asubuhi, hapa ndipo wengi hukosea, saa mbili ikigonga funga kila kitu na ushushe mapazia upande wa mashariki. Mama wengi wataona vibaya, kwa sababu tumelelewa kufungua nyumba asubuhi ili ipate hewa. Ipate hewa tangu alfajiri. Saa mbili imetosha. Hewa ya saa sita mchana unayoikaribisha ndani ndiyo inayokuja kukunyima usingizi.

Kwa nyumba za tofali zenye madirisha makubwa pande mbili, kazi mara nyingi huishia hapo, na fedha ya feni utanunulia mbolea. Ninasema hivi mapema ili asitokee mtu akauza mbuzi kwa ajili ya kitu asichokihitaji. Feni inahitajika pale hewa inapokosa njia: nyumba yenye vyumba vingi na korido ndefu katikati, hosteli ya wanafunzi, nyumba ya wageni yenye madirisha upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili ni ukuta wa jirani, au ile nyumba ya jipsam na aluminiamu niliyoanza nayo.

Feni ninayoisema si pangaboi. Pangaboi hukoroga hewa ileile iliyomo chumbani. Upepo wake unakausha jasho nawe unajisikia nafuu, lakini chumba hakijapoa hata kidogo. Hii nyingine hukaa kwenye tundu la dari, kwa kawaida katikati ya korido. Inanyonya hewa ya nyumba nzima, inaisukuma darini, nayo inatoka nje kupitia matundu ya paani. Kwa kuwa hewa imeondoka, ya nje haina budi kuingia kupitia madirisha uliyoyafungua. Kwa mpigo mmoja unatoa joto la vyumbani, unatoa lile la darini, na unavuta ndani baridi ya mlima. Marekani nyumba nyingi ziliwekwa feni za namna hii kabla viyoyozi havijaenea, na mpaka leo zinapendwa katika maeneo yenye mchana wa joto na usiku wa baridi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi. Mwaka 1996 lilifunguliwa Harare jengo kubwa la ofisi na maduka liitwalo Eastgate, lililosanifiwa na Mick Pearce wa Zimbabwe akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup. Halikuwekewa mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni zake husukuma hewa baridi kwa wingi kupitia nafasi zilizoachwa kwenye sakafu za zege, zege linapoa, na kesho yake linanyonya joto la watu na mashine. Harare iko kwenye mwinuko unaokaribiana sana na wa Lushoto, kama mita 1,400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kinachopoza ghorofa za ofisi kule kinaweza kupoza nyumba ya vyumba vinne hapa.

Kutokana na Eastgate tujifunze pia subira. Hewa ya nyumba unaweza kuibadilisha yote kwa dakika tatu, ukajisikia uko Magamba, ukazima feni na kwenda kulala. Nusu saa baadaye joto limerudi, maana ukuta haujabadilika. Ukuta unataka usiku. Washa kwa kasi kubwa kuanzia saa moja jioni kwa saa moja hivi, kisha punguza kwa kasi ndogo mpaka saa sita usiku au hata alfajiri. Feni isiyo na kasi mbili au tatu usiinunue.

Ukubwa wake tupige hesabu pamoja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye dari ya mita 2.7 ina hewa ya mita za ujazo 216. Kwa nchi za joto kali hushauriwa feni inayobadilisha hewa yote mara 30 hadi 60 kwa saa. Kwa baridi tuliyo nayo sisi mara 20 hadi 30 zinatosha, yaani mita za ujazo 4,300 hadi 6,500 kwa saa. Feni zilizotengenezwa mahsusi kwa dari ya nyumba ni adimu katika maduka yetu. Utakachokipata Tanga au Kariakoo ni feni za kutolea hewa za viwandani na za mabanda ya kuku. Zinafaa, mradi usome kibandiko: kiasi cha hewa kwa saa, na wati. Chukua yenye mapanga makubwa inayozunguka taratibu, ya inchi 20 hadi 24, kuliko ndogo inayozunguka mbio. Ndogo italia kama mashine ya kusaga na familia itaizima siku ya tatu.

Zile za banda la kuku mara nyingi hufaa zaidi kwenye ukuta wa pembetatu ulio chini ya ncha ya paa, zikitazama nje, huku tundu lenye wavu likiachwa kwenye dari ya korido. Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea mimi. Kelele inakaa mbali na vitanda, mvua ya masika inazuiwa kwa vibati vinavyojifunika feni inapozimwa, na fundi anaifikia kwa ngazi bila kukanyaga jipsam. Ukiiweka darini, ikalie mpira wa tairi kuukuu uliokatwa, isishikane moja kwa moja na mbao za kenchi. Mtikisiko wa kenchi unasikika nyumba nzima.

Sasa matundu, na hapa naomba msomaji wangu asinipite haraka, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotelea. Feni haiwezi kutoa hewa isiyo na njia. Feni ya darini yenye kusukuma mita za ujazo 6,500 kwa saa inahitaji matundu ya kutokea paani yenye jumla ya karibu nusu mita ya mraba, yaliyo wazi kabisa. Wavu wa mbu unakula sehemu kubwa ya uwazi, kwa hiyo ukiweka wavu zidisha eneo mara mbili. Wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita moja huzuia popo na panya bila kubana hewa sana. Ule mwembamba wa mbu uache kwenye madirisha, ambako ndiko mbu anakoingilia. Nyumba nyingi mpya hazina hata robo ya uwazi huo paani. Fundi akikuambia hewa itajipenyeza yenyewe kwenye migongo ya bati, mkatalie kwa heshima. Hewa iliyokosa njia itarudi chini kupitia nyufa za dari, ikiwa imebeba vumbi na kinyesi cha popo, na itakushukia usoni umelala.

Upande wa madirisha jumla ya uwazi iwe angalau mara mbili ya ule wa paani. Na hapa kuna uhuru mtamu. Kwa sababu feni inavuta, baridi itaingilia dirisha ulilolichagua wewe. Jioni fungua ya sebuleni pekee, upepo wote utapita mlipokaa. Wakati wa kulala funga ya sebuleni, fungua ya vyumbani kidogokidogo. Swali huja: tutalalaje milango wazi, nyumba ina wageni na wakwe? Msiilaze wazi. Mwambie seremala atoboe juu ya kila mlango tundu lenye nakshi ya mbao, kama yaliyomo katika nyumba za kale za pwani. Wazee wale hawakuyaweka kwa urembo peke yake.

Umeme. Feni ya wati 300 ikienda saa tatu kwa kasi kubwa inakula uniti 0.9 za LUKU. Kwa mwezi ni uniti 27. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja huvuta wati 1,000 hivi, na hakipozi korido wala jikoni. Lakini aliye kwenye kundi la wateja wadogo wa majumbani, wenye nafuu ya bei hadi uniti 75 kwa mwezi, aangalie: 27 ni zaidi ya theluthi ya hizo 75, na ukivuka bei inaruka. Kasi ndogo ndiyo mkombozi, maana feni ikizunguka nusu ya mwendo inakula umeme mdogo sana kuliko nusu. Wenye sola wajue kwamba kazi ya feni ni ya usiku, hivyo watahitaji betri ya kuibeba. Waya iwe na swichi yake na kikata umeme chake. Darini kuna mbao kavu na vumbi, na nimeona mota iliyokwama ikiunguza kenchi.

Niliyoyasema hadi hapa ni ya starehe. Linalofuata ni la uhai.

Usiwashe kamwe feni hii huku jiko la mkaa likiwaka ndani. Lushoto tunapenda kulaza jiko sebuleni, hata nje ya kipupwe, la kuota au la kuchemshia maharage. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Feni inapovuta na madirisha ni finyu, itaitafuta hewa popote, na gesi ya mkaa ulio jikoni itatawanywa vyumba vyote kabla haijafika darini. Bomba la moshi la jiko la kuni nalo litageuzwa, badala ya kupandisha moshi likaanza kuushusha. Jiko litoke nje, lizimwe, ndipo feni iwashwe. Na madirisha yafunguliwe kabla ya kugusa swichi, si baada. Andika kwa rangi ukutani karibu na swichi, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili atazisoma. Hata bila feni, jiko la mkaa halilali na watu.

Moshi wa jirani nao utaletwa ndani. Wakati wa kuchoma mabua na taka jioni, subiri saa mbili au tatu upungue.

Kuna miezi ambayo feni haina kazi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi inatosha bila kuitwa, na tundu la darini linakuwa adui: joto lote la nyumba linapandia humo usiku kucha. Litengenezee kifuniko cha mbao kinachokaa sawasawa, chenye blanketi kuukuu upande wa juu, na kabla ya kukifunga ondoa fyuzi ya feni ili mtoto asije akaiwasha imefunikwa. Ukungu pia ni sababu ya kuzima. Kiswahili kimeuita ukungu wa mlimani na ukungu wa mkate kwa neno moja, na katika nyumba vinafuatana kweli: ukivuta ndani ule wa kwanza usiku mzima, magodoro yananyonya unyevu, na wa pili unaota nyuma ya kabati. Miteremko inayotazama bahari, kama ya Amani na sehemu za Bumbuli, ina usiku mwingi wa namna hiyo kuliko Lushoto mjini. Halafu kuna jasho la bati. Usiku wa anga safi bati hupoa kuliko hewa yenyewe. Ukilisukumia mvuke wa ugali na wa maji ya kuoga, linatiririka matone juu ya jipsam. Alama za kahawia kwenye dari mpya mara nyingi ni hizo, na wenye nyumba hulaumu misumari. Mvuke wa jikoni utokee dirisha la jikoni kwanza, feni ifuate baadaye.

Ndugu zangu wa Mombo, Mazinde na Korogwe wameniuliza mara nyingi kama nao waweke. Jibu langu limekuwa hapana. Feni hii haitengenezi baridi, inaileta iliyopo nje. Usiku wa kaskazi huko bondeni hewa ya nje ni ya moto nayo, na kwa Tanga mjini ina unyevu wa bahari juu yake. Huko fedha iende kwenye pangaboi juu ya kitanda, kwenye kivuli cha mwarobaini upande wa magharibi, na kwenye bati jeupe. Mbu wa bondeni nao ni wengi na malaria yake ni kubwa kuliko ya mlimani, ingawa hata sisi wa juu hatuna ruhusa ya kulala bila chandarua. Feni ikivuta, mbu hufuata mkondo.

Jambo moja nimelisahau, na wakulima watanidai. Chumba cha viazi kinapozwa kwa njia hiihii. Chumba chenye giza, tundu la chini upande wa baridi, tundu la juu upande wa pili, na feni ndogo ya inchi 12 inayowashwa usiku tu na kufungwa mchana, kitachelewesha viazi kuota wakati bei ya Kariakoo imeshuka. Kabichi na karoti zinazosubiri gari la alfajiri hazitanyauka sana zikilala humo kama zikilala chini ya turubai.

Jamaa zangu wale hawakununua kiyoyozi. Walitoboa upenu, wakaweka wavu wa chuma, wakaning'iniza feni ya banda la kuku kwenye ukuta chini ya paa. Kila Novemba, kabla kaskazi haijashika, kijana wao wa kwanza anapanda ngazi: anafuta vumbi kwenye mapanga, anakaza nati, anatia tone la grisi, anapitisha mkono kwenye wavu kuona kama nyigu hawajajenga. Kisha anashuka, anafungua dirisha la chumba cha bibi, anashika karatasi ya daftari mbele yake na kupiga kelele mama yake awashe. Karatasi ikigandamana na wavu, upepo unatoka badala ya kuingia. Ikipepea kuelekea ndani, kazi imekwisha.